Kompyuta Chumbani, Skrini Kaunta: Kebo ya Mtandao Inavyoweza Kunusuru Vifaa vya Ofisi za Umma

Na Mwandishi Wetu, Buseresere

Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zinapokatika katika Kanda ya Ziwa, vumbi la Buseresere huingia ofisini bila kubisha hodi. Mji huu wa biashara uliopo Wilaya ya Chato, mkoani Geita, umepakana na Katoro, na shughuli za miji hiyo miwili hazilali: malori, mabasi, bodaboda na mikokoteni hupita mchana kutwa. Katika maeneo ya jirani yenye uchimbaji mdogo wa dhahabu, makarasha yanayosaga mawe huongeza unga mwembamba wa mwamba juu ya vumbi la barabarani. Mhudumu anaweza kuifuta kaunta yake asubuhi, na kabla ya adhuhuri akaandika jina lake juu yake kwa kidole.

Kinachoumia zaidi katika mazingira hayo ni kompyuta. Ndani ya lile boksi ambalo wengi wetu tumezoea kuliita sipiyu (ingawa sipiyu halisi ni kipande kidogo kilichomo ndani yake) kuna feni inayovuta hewa ya nje ili kupoza vipande vinavyopata joto. Hewa ikiwa na vumbi, feni huvuta vumbi. Baada ya miezi kadhaa tabaka la vumbi hufunika vipoza joto, kompyuta huanza kuwa nzito, kisha hujizima yenyewe katikati ya kazi, na hatimaye hugoma kuwaka.

Mwananchi aliye upande wa pili wa kaunta huambiwa kwamba mfumo uko chini. Hata hivyo, wakati mwingine mfumo wenyewe hauna tatizo lolote. Mfumo wa usimamizi wa taarifa za hospitali, GoTHoMIS, unaweza kuwa unafanya kazi katika vituo vingine kama kawaida, na mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, unaweza kuwa unatoa namba za malipo nchi nzima. Kilichokufa ni boksi moja lililokuwa chini ya meza, miguuni pa mhudumu, likipigwa vumbi na mateke.

Zipo njia kadhaa za kupunguza hasara hiyo. Makala haya yanaeleza moja ambayo haizungumzwi sana nchini, nayo ni kuitenga kompyuta na mtumiaji wake. Boksi linawekwa katika chumba safi chenye mlango unaofungwa, na kinachobaki kaunta ni skrini, kibodi na kipanya pekee. Vitu hivyo vitatu havina feni, na kibodi au kipanya kikiharibika hubadilishwa kwa gharama ndogo bila taarifa yoyote kupotea. Kinachoviunganisha na kompyuta iliyo mbali ni kebo ileile ya mtandao inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme na kompyuta.

Wazo la kumweka mtumiaji mbali na kompyuta yake si geni. Desemba 9, 1968, Mmarekani Douglas Engelbart alipokionesha kipanya hadharani kwa mara ya kwanza mjini San Francisco, kompyuta aliyoiendesha mbele ya wataalamu wenzake haikuwemo ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, umbali wa takribani kilomita 48, na picha zake zilifika kwa mawimbi ya redio yaliyorushwa kutoka kilimani. Kilichobadilika tangu siku hiyo ni gharama: kazi iliyohitaji mitambo ya kurushia matangazo leo hufanywa na visanduku viwili vinavyotosha kiganjani.

Kwa nini waya wa kawaida hautoshi

Swali la kwanza analouliza mtu yeyote ni hili: kwa nini usinunuliwe tu waya mrefu wa skrini na waya mrefu wa kibodi? Jibu ni kwamba kila waya una kikomo chake. Waya wa USB wa kawaida, wa toleo la pili, haupaswi kuzidi mita 5. Kikomo hicho kimetokana na muda. Kompyuta hutuma ombi kwa kibodi na kusubiri jibu kwa kipindi kifupi mno, na jibu likichelewa njiani kompyuta huhesabu kwamba hakuna kifaa kilichounganishwa. Ndiyo sababu kipanya kilichounganishwa kwa waya mrefu kupita kiasi huonekana, hupotea, kisha huonekana tena, na mtumiaji hudhani ni kibovu.

Waya wa HDMI, unaotumika katika skrini nyingi za sasa, hufanya kazi vizuri katika mita chache. Ukipita mita 10 hadi 15 bila kisaidizi, picha huanza kutoa vidoa, kukatikakatika au kutoweka kabisa. Waya wa zamani wa VGA huvumilia zaidi, lakini picha yake hufifia na maandishi huota kivuli.

Ukubwa wa mzigo unaobebwa unaeleza mengi. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Kila nukta inahitaji biti 24 za rangi, na picha nzima huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Ukizidisha unapata karibu biti bilioni 3 kila sekunde. Kibodi na kipanya, kwa upande wao, huhitaji kiasi kidogo sana, kwa kuwa hata mchapaji hodari hawezi kubonyeza vitufe vingi katika sekunde moja. Kwa hiyo ugumu wote wa kazi hii uko kwenye picha.

Kebo ya mtandao inamudu mzigo huo kwa sababu ya namna ilivyosukwa. Ndani yake kuna nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, hivyo kupatikana jozi nne. Msokoto huo si pambo. Kelele za umeme kutoka nje huzigusa nyaya zote mbili za jozi kwa kiwango kinachokaribiana, na kifaa cha kupokea husoma tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo, hivyo kelele hujifuta. Alexander Graham Bell, anayefahamika kwa simu, alipata hataza ya ufundi huo mwaka 1881.

Vifaa vya kurefusha huuzwa kwa jozi, na katika biashara hutambulika kwa herufi KVM, zinazosimama badala ya kibodi, video na kipanya kwa Kiingereza. Kisanduku cha kutuma hukaa kwenye kompyuta. Huchukua picha kutoka tundu la HDMI na mawasiliano ya USB, na kuyageuza yawe katika umbo linaloweza kusafiri kwenye jozi zilizosokotwa. Kisanduku cha kupokea hukaa kaunta na kuyarudisha katika umbo lake la awali. Pia hujibu maombi ya USB papo hapo kwa niaba ya kibodi, ili kompyuta isichoke kusubiri. Umbali unaofikiwa hutegemea kifaa. Vya bei nafuu huandikwa mita 50 au 60, na vile vinavyotumia teknolojia ya HDBaseT, iliyotangazwa mwaka 2010 na kampuni za LG, Samsung, Sony Pictures na Valens, hufika mita 100.

Wapo wanaohofia kwamba umbali utaifanya kompyuta iwe nzito. Hofu hiyo haina msingi kwa upande wa waya wenyewe, kwa kuwa ishara huchukua takribani nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kupita mita 100 za kebo. Ucheleweshaji, pale unapokuwepo, hutokana na visanduku vinavyoibana picha ili ipite mahali pembamba, jambo linalotupeleka kwenye kosa linaloharibu kazi nyingi za aina hii.

Kebo ya mtandao si lazima iwe mtandao

Kwa kuwa kebo ni ileile na vichwa vyake, RJ45, ni vilevile, fundi huona tundu lililo wazi kwenye swichi ya mtandao ya ofisi na kuchomeka hapo kisanduku cha kutuma, akitarajia kukuta picha kwenye tundu jingine upande wa kaunta. Picha haiji. Vifaa vingi vya kurefusha havizungumzi lugha ya mtandao hata kidogo. Hutumia shaba ya kebo kama barabara yao binafsi, kwa mpangilio wao wenyewe wa ishara. Tena baadhi yake hupitisha umeme kwenye kebo hiyohiyo ili kukiwasha kisanduku cha upande wa pili, na umeme huo unaweza kuunguza tundu la swichi au la kompyuta nyingine lisilotarajia kuupokea. Vifaa vya aina hiyo vinahitaji kebo moja iliyonyooka kutoka kisanduku hadi kisanduku, bila swichi katikati.

Ipo aina ya pili, ambayo kweli hupita kwenye mtandao wa ofisi. Hiyo huigawa picha katika vifurushi kama taarifa nyingine za mtandao, na kwa kuwa tundu la kawaida la swichi hupitisha biti bilioni 1 kwa sekunde, picha ya biti bilioni 3 lazima ibanwe kwanza. Faida yake ni kwamba kompyuta moja inaweza kufikiwa kutoka vyumba kadhaa, hata jengo zima, kupitia swichi zilizopo. Hasara yake ni kuchelewa kidogo, kubeba sehemu ya uwezo wa mtandao uliokuwa ukitumiwa na wengine, na suala la usalama, ambalo kwa maoni ya mwandishi ndilo zito kuliko yote.

Kila kitufe anachobonyeza mhudumu, pamoja na neno lake la siri, hupita kwenye mtandao huo, na kila anachokiona kwenye skrini, pamoja na jina na vipimo vya mgonjwa, hupita pia. Kama kifaa hakifichi mawasiliano yake, au kimeachwa na neno la siri lililotoka nalo kiwandani, mtu aliyejiunga na mtandao wa ofisi anaweza kusoma yasiyomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu azilinde. Ofisi yenye taarifa hizo, ikiwa haina sababu ya lazima ya kutumia aina hii ya pili, itakuwa salama zaidi ikitumia ya kwanza. Ikilazimika kutumia ya pili, vifaa vitengewe njia yao ndani ya mtandao, maneno ya siri yabadilishwe kabla ya kazi kuanza, na visifunguliwe kamwe kwa intaneti. Maofisa TEHAMA wa halmashauri wana ujuzi wa kazi hiyo, na ni vyema wahusishwe kabla ya ununuzi. Kuitwa baada ya kifaa kugoma ni kuchelewa.

Kutenganisha boksi na kaunta kuna faida nyingine upande huo wa usalama. Matundu ya USB ya kompyuta yanabaki nyuma ya mlango uliofungwa, hivyo si rahisi mtu kuchomeka flashi yenye virusi wala kunakili majalada mhudumu akigeuza kisogo. Na mwizi akivunja dirisha la kaunta usiku, ataondoka na skrini. Kumbukumbu za wananchi zitabaki.

Kebo ya shaba na kebo inayofanana na shaba

Tukiachana na visanduku, sehemu inayoamua kazi itadumu au haitadumu ni kebo yenyewe. Katika soko zipo kebo zilizoandikwa Cat6 ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Bei yake huvutia. Lakini alumini hukinza umeme zaidi ya mara moja na nusu ukilinganisha na shaba ya unene uleule, hukatika upesi inapokunjwa, na hupata joto inapobebeshwa umeme wa kuwasha vifaa. Mtandao wa kawaida wa mita 20 unaweza kuivumilia. Picha ya skrini inayopita mita 60 haitaivumilia.

Kuitambua hakuhitaji maabara. Kata kipande kidogo, menya ganda la waya mmoja, kisha kwaruza kwa kisu. Shaba halisi hubaki nyekundu hadi ndani, na alumini hung'aa kwa weupe chini ya ngozi ya shaba. Uzito nao husema: boksi la mita 305 la shaba tupu ni zito dhahiri kuliko boksi la urefu huohuo la alumini. Mjumbe wa kamati ya mapokezi ya vifaa, hata kama si mtaalamu wa kompyuta, anaweza kufanya majaribio yote mawili kabla ya kutia saini.

Urefu upimwe kwa njia ambayo kebo itapita, si kwa macho. Kutoka chumba cha kompyuta hadi kaunta inaweza kuonekana ni mita 25, lakini kebo hupanda ukutani, hupita juu ya dari, huzunguka chumba kimoja na kushuka tena, ikafika 45. Isifungwe pamoja na nyaya za umeme wa taa na soketi, kwa kuwa hata msokoto wa jozi una mwisho wa uvumilivu wake. Isikunjwe kwa pembe kali wala kupigiliwa misumari juu yake. Na kila kiungo cha katikati ni mahali ambapo picha ya wiki ya kwanza itakuwa nzuri na ya mwezi wa tatu itaanza kupepesa, kwa hiyo kebo moja isiyo na viungo ndiyo ya kuombwa katika mchoro wa kazi.

Jambo moja husahaulika karibu kila mara. Vifaa vingi vya kurefusha vya bei nafuu hubeba kibodi na kipanya tu. Ofisi ikitaka kuweka kaunta kisomaji cha alama za vidole, mashine ya kusoma kadi au printa ya risiti, inapaswa kusema hivyo katika maelezo ya mahitaji, kwa kuwa vifaa hivyo huhitaji njia ya USB yenye uwezo mkubwa zaidi. Si ajabu kifaa kikapokelewa, kikafungwa vizuri, kipanya kikatembea bila tatizo, kisha siku ya kwanza ya kazi kisomaji cha vidole kisionekane kabisa. Hapo kompyuta hurudishwa chini ya meza, kwenye vumbi lake.

Uwezo mwingine unaostahili kufikiriwa katika ukanda huu wa dhahabu ni skrini mbili. Baadhi ya visanduku hutoa picha ileile pande zote mbili, kwenye kompyuta na kwenye kaunta. Soko la madini la Geita lilipozinduliwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa Machi 17, 2019, shabaha ilikuwa kumpa mchimbaji mdogo mahali rasmi pa kuuzia. Mahali popote panapopimwa mali ya mtu, skrini ya pili iliyogeuzwa upande wa muuzaji humwezesha kuona uzito na bei vikiandikwa, kwa wakati uleule anaoviona karani.

Radi haina mzaha

Mipaka ya njia hii lazima isemwe wazi, na mpaka mkubwa kuliko wote mkoani Geita ni radi. Eneo linalozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa yale yanayopigwa na radi mara nyingi zaidi duniani. Januari 27, 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe mkoani humu, walipoteza maisha kwa radi wakiwa shuleni. Mtu anayefunga waya wowote wa chuma katika mkoa huu hana budi kulikumbuka hilo.

Kebo ya shaba inayotoka jengo moja hadi jingine, iwe imening'inizwa hewani au imefukiwa ardhini, ni njia ambayo radi iliyopiga upande mmoja inaweza kuitumia kuingia upande wa pili. Hata radi isipogusa kebo moja kwa moja, ikipiga karibu, ardhi ya jengo moja na ya jingine huwa na nguvu tofauti za umeme kwa muda mfupi, na tofauti hiyo hujisawazisha kwa kupita kwenye kebo. Visanduku vya kurefusha, skrini na kompyuta huungua pamoja, na mtu anayeshika kibodi wakati huo yuko hatarini. Kwa sababu hiyo, kebo ya shaba ya kazi hii ibaki ndani ya jengo moja, lenye waya wa kushusha umeme ardhini uliofungwa na fundi mwenye sifa.

Majengo yakiwa mawili, kwa mfano chumba cha kompyuta kikiwa jengo la utawala na kaunta ikiwa wodi ya jirani, njia sahihi ni nyuzi za mwanga, zile zile zinazotumika katika Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009. Uzi wa kioo haupitishi umeme, hivyo radi haina pa kushika, mradi kebo iliyochaguliwa haina waya wa chuma wa kuiimarisha. Vipo visanduku vya KVM vinavyotumia nyuzi hizo, na umbali wake huanzia mita mia kadhaa hadi kilomita nyingi. Bei ni ya juu, na kuunganisha nyuzi kunahitaji mashine maalumu. Kwa majengo mawili mkoani Geita, gharama hiyo haipaswi kukwepwa kwa kutandaza shaba.

Chumba kinachopokea kompyuta nacho kina masharti yake. Boksi lililofungiwa stoo isiyo na hewa litaungua kwa joto badala ya vumbi. Dirisha lenye wavu na kitambaa cha kuchuja vumbi, au kiyoyozi pale bajeti inaporuhusu, pamoja na UPS ya kuhimili umeme unaokatika na kupanda ghafla, ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Kisanduku cha kaunta na skrini yake navyo vipate umeme kutoka UPS, kwa kuwa kompyuta inayoendelea kuwaka chumbani haimsaidii mhudumu ambaye skrini yake imezimika.

Siku ya makabidhiano, fundi aombwe kuwasha kompyuta ikiwa imezimwa kabisa na kuonesha kwamba picha inatokea kaunta tangu maandishi ya kwanza ya kuwaka, kabla ya programu yoyote kufunguka. Aombwe pia kuchomeka kila kifaa kitakachotumika, si kipanya pekee, na kuacha kazi ikiendelea kwa saa kadhaa bila picha kupepesa. Kisha kila mwisho wa kebo, chumbani na kaunta, ubandikwe karatasi yenye maandishi yanayosomeka: "KVM. Usichomeke kwenye swichi."